Kwenda Kwao: Mwongozo wa Safari kwa Mkazi wa Nairobi

Wiki moja kabla ya Krismasi, wakazi wa Nairobi hujigawa wenyewe stejini bila kuamrishwa na mtu. Wanaokwenda Embu na Meru hukusanyika Tea Room, wa Nakuru na Nyahururu huijaza Nyamakima, wa Kisumu, Kakamega na Busia hupanga magunia na magodoro yao Country Bus, nao wa Garissa na Moyale hupanda mabasi Eastleigh. Watu waliokaa mwaka mzima katika ploti moja, wakichota maji katika mfereji mmoja na kumlalamikia mwenye nyumba mmoja, huagana langoni kwa bashasha, kisha kila mmoja hushika barabara ya kwao. Sensa ya 2019 ilihesabu watu milioni 4.4 katika jiji hili, na kwa kuwa tumebanana nao kwenye matatu na kwenye foleni za benki, tunadhani kwamba tumekwisha kuijua nchi nzima. Barabara tunayoijua ni moja tu, na mwisho wake ni kwa mama mzazi.

Mwongozo huu ni wa kushika barabara nyingine, yaani ile inayokwenda kwa watu ambao wewe na jamaa zako mmezoea kuwataja kwa neno "hao" kila matokeo ya kura yanapotangazwa. Siahidi kwamba utarudi ukiwa umebadilisha chama, wala sioni kwamba hilo ni lazima. Ninachosema ni kwamba safari ya namna fulani humwonyesha mtu mambo ambayo yeye na "hao" wanayabeba kwa pamoja, na kwamba namna hiyo inaweza kufundishika, kwa sababu inategemea zaidi shughuli iliyokupeleka kuliko umbali uliokwenda.

Kuchagua pa kwenda na wakati wa kwenda

Chukua matokeo ya uchaguzi wa urais wa Agosti 9, 2022, na kati ya kaunti 47 utafute ile ambayo mgombea wako aliambulia kura chache mno. Huko ndiko. Ikiwa wazo lako la kwanza ni kwamba kule huwezi kukanyaga, andika sababu yako kwenye karatasi kabla ya kuuliza mtu yeyote, kisha uitunze hadi utakaporudi. Hofu nyingine zina msingi, na mtu mwenye busara hazipuuzi: katika sehemu za mipaka ya Baringo, Turkana na Pokot Magharibi wizi wa mifugo wa kutumia bunduki umewaua watu wengi, na huko huendi kabla ya kumuuliza mwenyeji hali ikoje wiki hiyo. Lakini hofu nyingi tulizo nazo ni za kurithi. Zilianzia mwaka 1992, zikatiwa nguvu mwaka 1997, na zikakomaa baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ambapo zaidi ya watu 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo hana kumbukumbu yoyote ya moshi wa Burnt Forest, ila anajua vyema ni mji gani gari la kwao halisimami kununua mahindi ya kuchoma.

Kuhusu wakati, Katiba ya 2010 imeuweka uchaguzi mkuu Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, na kwa hiyo ujao utakuwa Agosti 2027. Miezi mitatu iliyo karibu na siku hiyo haifai, kwa kuwa kila mgeni huonekana kama mpelelezi au wakala wa mtu. Desemba nayo haifai, nauli zikiwa zimepanda mara mbili na kila mwenyeji akiwa amezungukwa na jamaa zake kiasi cha kutohitaji mgeni. Wiki za kawaida ndizo bora: wakati wa palizi, wakati wa kuvuna, au mwanzoni mwa muhula wa shule wakati kila mzazi nchini anahesabu karo.

Lango lililo wazi kuliko yote

Watu wengi wanapofikiria safari ya kujuana hufikiria utalii, na hapo ndipo wanapokosea, maana mtalii hulipa ili ahudumiwe na anayemhudumia hulipwa ili atabasamu. Sisi Wakenya tuna desturi nyingine iliyotupitisha malangoni mwa wenzetu kwa miaka mingi bila kuipa jina kubwa, nayo ni kwenda matanga. Mzazi wa mfanyakazi mwenzako akifariki, kundi la WhatsApp hufunguliwa, mikutano ya jioni hufanywa, mchango hutumwa kwa M-Pesa, na Ijumaa usiku gari la abiria thelathini na watatu huondoka mjini likiwa na Mkamba, Mluhya, Mkikuyu, Mgiriama na Mkisii, wote wakielekea nyumbani kwa mtu mmoja. Sijui shughuli nyingine nchini mwetu inayompeleka mtu mzima hadi chumbani na kaburini kwa jamii isiyo yake, akaandaliwa chakula, akaitwa kwa jina, na akapewa nafasi ya kusema.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuacha kutuma mchango na kuomba radhi. Nenda. Hudhuria mikutano ya mipango na uchukue jukumu dogo, hata kama ni kuandika majina ya waliochanga au kutafuta gari la kukodi, kwani aliyepewa kazi hafiki kama mtazamaji. Panda gari la pamoja na wenzako badala ya kufuata kwa gari lako la binafsi, hata kama unalo na lina viti vya ngozi. Beba sweta, shuka, maji, pesa taslimu za sadaka, na kitu cha kuwakabidhi wafiwa, ambacho kwa kawaida huwa sukari, majani ya chai, mikate au mchele. Mwanamke atahitaji leso na vazi linalopita magoti. Mwanamume asiende na kaptula. Uliza mapema mila zinasemaje, kwa kuwa mazishi ya Nyeri huweza kumalizika kabla ya saa nane, ilhali ya Siaya au Bungoma yana mkesha, nyimbo na hotuba zinazovuka alasiri. Ikiwa mwenzako ni Mwislamu, iwe ni wa Lamu, Garissa au Eastleigh, usingoje Jumamosi, kwani maiti huzikwa upesi, mara nyingi siku iyo hiyo. Wewe nenda ukatoe mkono wa taazia katika siku chache zinazofuata, ukae mkekani, useme machache.

Ukifika, utaona hema limetengwa kwa ajili ya watu wa Nairobi. Ni heshima, na ni mtego pia, kwa sababu humo mtakaa nyinyi kwa nyinyi mkizungumza mambo ya ofisi hadi jua litue. Kaa saa moja, kisha uinuke. Waamkie wazee kwa mkono, andika jina lako katika kitabu cha wageni, halafu uelekee kunako sufuria kubwa nyuma ya nyumba, ambako daima pana kuni za kupasua, viti vya kubeba na maji ya kuteka. Nimeshuhudia mara nyingi kwamba mgeni anayebeba viti huulizwa maswali ya kweli kuliko yule aliyekalishwa.

Wasifu wa marehemu unaposomwa, sikiliza kwa makini sana, kwa kuwa ni ramani ya nchi iliyoandikwa bila kukusudia. Utasikia kwamba mzee huyu wa Ugenya alifanya kazi ya reli Nakuru kwa miaka ishirini, kwamba watoto wake wawili wa kwanza walizaliwa Mombasa, kwamba alijifunza useremala kwa fundi Mkikuyu na kwamba binti yake ameolewa Kitui. Wazee wa kizazi hicho walitawanywa na reli, bandari, mashamba ya chai na makambi ya polisi, na wengi wao waliishi na watu wa kila kabila kwa muda mrefu kuliko sisi wajukuu zao. Chukua wasifu huo, uulinganishe na wa babu yako. Mimi nilipofanya hivyo niligundua kwamba babu yangu wa Murang'a na marehemu tuliyekuwa tukimzika walikaa Nakuru miaka ile ile.

Mazishi ninayoyataja yalikuwa mwishoni mwa Septemba 2017, wiki chache baada ya Mahakama ya Juu kubatilisha uchaguzi wa Agosti na kuagiza urudiwe. Baadhi yetu ofisini walishauri tutume pesa tu. Tulikwenda, na njia nzima tulinyamaza kama watu wanaopelekwa mahakamani, hadi tuliposimama Nakuru kunywa chai na kondakta akatutania kwamba maiti yuko mbele lakini sisi ndio tunaonuka kifo. Asubuhi, nikiwa nimeketi chini ya mwembe na mzee mmoja mwenye kofia ya pama, nilingoja aniulize jina langu la pili. Badala yake aliniuliza kama kwetu mahindi yamekomaa. Nikamwambia kwamba viwavijeshi wamekula nusu ya shamba la mama. Akapiga paja lake. Wadudu hao waliingia nchini mwaka huo huo, na yeye alikuwa amenyunyizia sabuni, majivu na hata mchanga kwenye kila mche bila mafanikio. Kutoka hapo tukaingia kwenye unga wa ruzuku, ule wa shilingi 90 kwa pakiti ya kilo mbili, ambao serikali ilikuwa imeutangaza tangu Mei. Yeye alikuwa ameupanga foleni Ugunja akaukosa, na mimi niliupanga foleni Githurai nikaukosa. Tulicheka kwa uchungu kwa muda mrefu.

Baadaye jina langu lilijulikana, kama ilivyo ada, na mazungumzo yakafika kwenye kura. Yeye aliamini jambo moja kwa moyo wake wote, nami niliamini kinyume chake, na hakuna aliyemshinda mwenzake. Ninalisisitiza hili kwa sababu wengi hudhani kwamba kukuta jambo la pamoja ni kukubaliana. Tulichokuta mimi na mzee yule ni kwamba yeyote angeshinda, sote wawili tungerudi kwenye foleni ya unga, na kwamba hakuna kati yetu aliyekuwa amewahi kuambiwa hivyo na mgombea wake.

Utakapomwona mwanasiasa akikabidhiwa kipaza sauti, na atakabidhiwa, usiondoke na usitoe simu. Tazama nyuso. Utaona vijana wanaoshangilia mbele, lakini utaona pia akina mama wanaoendelea kugawa sahani, wazee wanaotazama saa, na jirani yako wa benchi atakayekunong'oneza kwamba barabara ile anayoahidi aliiahidi pia katika mazishi ya mwaka juzi. Tukiwa Nairobi tunaiona hotuba hiyo kwenye runinga, kamera ikiwa imewaelekea wanaoshangilia, kisha tunasema kwamba "hao" ndivyo walivyo.

Kama hapana msiba

Tusiombeane vifo. Harusi, posa na maombi ya shukrani hufaa vivyo hivyo, ingawa furaha ina adabu zake na mgeni wa harusini hukaa zaidi kuliko anavyofanya kazi. Njia nyingine ni siku ya soko. Fikiria Sondu, soko lililo mpakani mwa Kisumu na Kericho, ambako Mjaluo huleta samaki na omena, Mkipsigis huleta maziwa na mifugo, na Mkisii huleta ndizi na mboga. Mapigano yamewahi kuzuka hapo mara kadhaa, watu wakauawa, na kila mara soko limefunguliwa tena, kwa kuwa hakuna upande unaoweza kula bila mwenzake. Kwenda pale na kikapu, ukanunua, ukapunjwa kidogo, ukala hotelini pamoja na waliokupunja, kutakufunza kuhusu mipaka yetu kuliko mijadala mingi ya studio.

Ukiwa sokoni, swali la kuanzia ni gorogoro ya mahindi ni pesa ngapi. Mkebe huo wa kilo mbili hivi hutumika katika masoko mengi ya nchi, na bei yake ndiyo lugha ya siasa ambayo haimkasirishi mtu. Penye chai uliza kuhusu bonasi, kwa kuwa mkulima wa Kangema na yule wa Bomet wote huingoja kila mwaka na wote hulinganisha na jirani; penye miwa uliza malipo yamechelewa kwa muda gani; penye mifugo uliza mvua. Karo ya shule huulizwa popote. Ukitanguliza maswali haya, siasa itakuja yenyewe ikiwa imevaa nguo za nyumbani.

Njiani

Safari huanza kitini. Katika matatu ya abiria kumi na wanne, kiti cha mbele karibu na dereva kina mandhari nzuri na mazungumzo kidogo. Safu ya nyuma, ambako magoti yanagusana na kila anayeshuka lazima apitishiwe mzigo, ndiyo yenye baraza. Kwa anayekwenda Pwani, iko treni ya kaunti katika reli mpya (SGR), tofauti na ile ya haraka, ambayo husimama Athi River, Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi, Miasenyi na Mariakani kabla ya kufika Miritini. Viti vya daraja la kawaida vinatazamana, kwa hiyo hata mtu mwenye haya hulazimika kuamua ama kuzungumza ama kujifanya amelala kuanzia Emali hadi Voi.

Utaulizwa jina lako la pili. Kila Mkenya anajua swali hilo linatafuta nini. Usilikwepe kwa kutaja jina la ubatizo au kwa kujiita "Mkenya tu", kwa sababu kukwepa huko huchukuliwa kama dalili ya kuficha jambo. Jibu wazi, kisha nawe uliza, lakini uliza mahali badala ya kabila. Mtu akisema anatoka Kakamega, muulize kama ni upande wa Mumias, Butere au Malava. Akisema Kericho, muulize kama ni Londiani, Ainamoi au Belgut. Anayetajiwa kijiji cha jirani na mtu asiyemjua hulegea mabega. Hii ina maana kwamba kabla ya kuondoka Nairobi utenge nusu saa ya kujifunza majina ya miji mitatu ya kaunti unayoiendea, pamoja na salamu yao. Mluhya atakuambia *mulembe*, Mborana *nagaya*, na Msomali atauliza habari ya *nabad*; zote tatu zinamaanisha amani, na sioni kwamba ni ajali kwamba watu hao wote, kama Waswahili na salama yao, huanza kwa kuulizana kama kuna vita.

Neno moja kuhusu Kiswahili chetu cha Nairobi. Pwani, kumwambia mwenye mkahawa "leta chai" ni kumtukana bila kujua. Mwamkie kwanza, mwambie "naomba" au "tafadhali nisaidie", na mzee umpe shikamoo yake kamili. Malalamiko mengi ya Pwani dhidi ya watu wa bara ni mazito, yakiwamo ya hati za ardhi, lakini uzoefu wa kila siku wa malalamiko hayo ni sauti ya mtu wa bara akiamrisha mkahawani.

Barabara ya kaskazini

Hii naitenga, kwa kuwa ina somo lake. Lami ya Isiolo hadi Moyale, takriban kilomita 500, ilikamilishwa katika muongo wa 2010, na kabla ya hapo watu walisafiri juu ya malori kwa siku kadhaa. Utasikia wenyeji wakikuuliza Kenya kukoje, au wakisema ndugu yao amekwenda Kenya, wakimaanisha huku kwetu. Wengi wetu hucheka. Usicheke kabla ya kukumbuka kwamba eneo hilo lilipitia vita vya Shifta kati ya 1963 na 1967, kwamba sheria za hali ya hatari ziliendelea kutumika huko hadi 1991, na kwamba mauaji ya Wagalla, Wajir, ya Februari 1984, hayakufundishwa katika darasa lolote nililokaa.

Beba kitambulisho, nacho kiwe mkononi. Basi likisimamishwa kizuizini, tazama ni nani anayetupiwa jicho na kurudishiwa kadi yake, na ni nani anayeulizwa baba yake alizaliwa wapi. Huenda ukawa wa kundi la kwanza. Ikiwa ndivyo, usijidai kwamba yaliyompata jirani yako yamekupata nawe. Mwulize tu, gari likishaondoka, kama ndivyo inavyokuwa kila safari. Jambo la pamoja hapa si la kuonekana kwa haraka, na msafiri anayelilazimisha huishia kumnyima mwenzake hata haki ya kulalamika. Mimi na bwana mmoja wa Marsabit tulilikuta baada ya saa nne, tulipogundua kwamba wote wawili tulikuwa tumesumbuliwa kwa miezi kadhaa na ofisi moja ya serikali kuhusu herufi moja iliyokosewa katika cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Yeye alikuwa ameitwa mara sita, mimi mara mbili. Tofauti ya hizo nne tuliijadili hadi Archers Post.

Kwa nini hufanya kazi, na kwa nini mara nyingine haifanyi

Mwanasaikolojia wa Marekani Gordon Allport alieleza mwaka 1954 kwamba kukutana tu hakupunguzi chuki, na kwamba mikutano ya juu juu huweza hata kuikoleza. Alitaja masharti manne: waliokutana wawe na hadhi sawa katika shughuli hiyo, wawe na lengo moja, washirikiane kulifikia, na wakubwa wao waibariki shughuli yenyewe. Watafiti Thomas Pettigrew na Linda Tropp walikusanya tafiti 515 na kuchapisha uchambuzi wao mwaka 2006, wakaona kwamba kwa jumla mikutano baina ya makundi hupunguza chuki, na hupunguza zaidi pale masharti hayo yanapotimia. Ukiyasoma masharti hayo ukiwa Mkenya, utaona sufuria za matanga: waliopasua kuni wana hadhi sawa, lengo ni kumzika mtu kwa heshima, kazi haigawanyiki bila ushirikiano, na wazee na mchungaji wamebariki. Utalii hautimizi hata sharti la kwanza.

Safari huharibika kwa mambo madogo. Huharibika pale unapopiga picha za watoto wa watu na nyumba za udongo, pale unapoanza kila sentensi kwa "kwetu sisi", na pale unapogawa noti kama mgombea. Huharibika zaidi kwa mzaha. Mizaha ya makabila, ya Mkikuyu na pesa, ya Mjaluo na majivuno, ya Mluhya na kuku, ina utamu wake baina ya marafiki wa miaka mingi, lakini mgeni hana ruhusa ya kuianzisha. Angoje ataniwe kwanza, na akitaniwa acheke kwa dhati, ajibu kwa kujitania mwenyewe. Na mahali pa hatari kuliko pote ni kundi lako la WhatsApp la ukoo unaporudi. Sheria ya Uwiano na Utangamano ya 2008 imeunda tume na kuharamisha matamshi ya chuki, lakini hakuna tume inayoingia katika kundi la mabinamu. Atakapotokea mmoja kuuliza "hao wanasemaje", simulia ya unga na viwavi kama yalivyokuwa, pamoja na yale mliyobishania, bila kutia chumvi upande wowote.

Asiye na nauli ya mbali anaweza kuanzia humu humu mjini, ambako Mathare na Muthaiga zinatenganishwa na barabara, na Kibera inapakana na uwanja wa gofu. Ila nitasema wazi kwamba mpaka wa tabaka ni mgumu kuliko wa kabila, kwa maana hatuna matanga yanayouvuka: mwajiri hutuma mchango kwa msiba wa mfanyakazi wake wa nyumbani, lakini ni mara chache huketi kwenye benchi lake. Kama umemwajiri mtu, safari yako ya kwanza iwe hiyo, kwao, kwa matatu, na yeye akiwa mwenyeji wako.

Ukisharudi

Itoe ile karatasi uliyoandika sababu yako. Isome, uongeze chini yake uliyoyakuta, hata kama sababu imebaki ilivyokuwa. Namba za simu ulizopewa zihifadhi kwa jina la mtu na kijiji chake, maana "Mzee wa Matanga" baada ya miaka mitatu hatakumbukwa ni yupi. Mpigie mara moja katika msimu wa mvua kumuuliza shamba, na mara moja katika wiki ya kura, kabla ya matokeo kutangazwa, wakati kila mmoja wenu bado ana sauti ya kawaida.

Kisha ulipe deni. Aliyekukaribisha atakuja Nairobi siku moja, kwa matibabu au kumleta mtoto chuoni, na atakujulisha akiwa tayari amefika Naivasha, kwa sababu hakutaka kukusumbua. Muulize basi lake linaitwaje na litamshusha wapi, na uwe Country Bus nusu saa kabla, kwani pale mgeni mwenye gunia hugombewa na wabeba mizigo watano kabla hajakanyaga chini. Gunia hilo litakuwa na mihogo, njugu au kuku hai, na ni lako. Libebe mwenyewe hadi kwenye matatu ya kwako, umlipie nauli, na umkalishe dirishani.